Maswali ya Wasomaji: Mbaazi wa Babati Ukipandwa Muheza

SWALI: Shemeji yangu wa Babati alinipa mbegu za mbaazi, nikazipanda huku Muheza mwezi wa Desemba. Sasa ni mwisho wa Juni. Mibaazi imenipita kimo, majani yamesheheni, ila sijaona hata ua moja. Ya majirani waliopanda mbegu za hapa imeshachanua. Kosa ni langu au la mbegu?

JIBU: Mbegu si mbovu, imepandwa pasipo pake. Methali inasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na kwa kweli mmea huu una haki ya kujitetea. Mbaazi (Cajanus cajan) hufuata urefu wa mchana: mchana ukipungua ndipo hufunga vitumba. Kwetu kusini mwa ikweta mchana hupungua kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Juni, kwa hiyo hapo Muheza hukukosea. Kilichokukwaza ni joto. Mbegu za muda mrefu, yaani zinazochelewa kukomaa, za nyanda za juu kama Babati zimezoea ubaridi, na joto la pwani huzichelewesha hata mchana ukiwa mfupi. Kinyume chake nacho hutokea: aina za muda wa kati zikipandwa kwenye baridi kali huchelewa vilevile.

Usiikate. Julai kuna ubaridi kidogo, ipe nafasi. Ikichanua, usitishike kuona maua yametapakaa chini, kwani mbaazi hudondosha sehemu kubwa ya maua yake hata ukiwa na afya. Kinachostahili hofu ni viwavi wanaotoboa vitumba na maganda machanga. Kagua shamba kila baada ya siku tatu nne tangu vitumba vya kwanza.

Msimu ujao tafuta mbegu ya majirani, au aina ya muda wa kati kama Ilonga 14-M1. Ukichanganya mbegu za muda mrefu na mahindi, mstari hadi mstari wa mbaazi uwe sentimita 150, shimo hadi shimo 50, kina sentimita 5. Tia mbegu tatu, kisha punguza ibaki miche miwili. Zipande siku moja na mahindi. Miezi miwili ya mwanzo mbaazi hukua polepole mno, hauwezi kuyabana mahindi, ila magugu yataubana wenyewe. Palilia mara mbili katika muda huo. Samadi nyingi haihitajiki: vinundu vya mizizini huupatia naitrojeni, na ukizidisha utavuna majani.

SWALI: Mibaazi yangu hunyauka mmoja mmoja ikianza kuchanua, na udongo una unyevu wa kutosha. Nipulize dawa gani? (Kilosa)

JIBU: Kwanza hakikisha ugonjwa. Ng'oa mmea ulionyauka nusu, upasue shina kwa urefu. Ukiona michirizi ya kahawia au nyeusi ndani, na ganda la nje lina mkanda wa zambarau unaopanda kutoka chini, huo ni mnyauko wa fuzari. Kuvu wake (Fusarium udum) hukaa udongoni na kwenye mabaki ya mizizi kwa miaka, huingia kupitia mizizi na kuziba mirija ya maji. Ndiyo maana mmea hufa kwa kiu juu ya udongo wenye maji. Dawa ya kupuliza majani haimfikii, usipoteze fedha. Ng'oa mimea iliyougua pamoja na mizizi, ichome moto, wala usiifukie. Panda mtama au mahindi hapo kwa misimu isiyopungua mitatu, kisha urudi na aina inayostahimili, kama ile iitwayo Mali. Tabia ya kuacha visiki vichipue tena mwaka wa pili iache kabisa katika shamba hilo.

SWALI: Nilipanda mbaazi nyeupe tupu. Mbegu nilizojiwekea zimezaa mimea ya kila rangi.

JIBU: Ni nyuki hao. Mbaazi hujichavusha, lakini nyuki huvusha chavua kutoka mashamba ya jirani. Mbegu ya kuweka ichukue katikati ya shamba, si pembezoni.

SWALI: Mbaazi zangu za nazi hubaki ngumu na tui hukatika. Nikosee wapi tena? (Mombasa)

JIBU: Huenda mbaazi zimekaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu, hizo huwa ngumu hata ukesha jikoni. Zikiwa za msimu huu, loweka nusu kilo kwa lita moja na nusu ya maji usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya hadi punje ibonyee kati ya vidole viwili. Ndimu au nyanya zisitiwe kabla ya hapo, kwa kuwa ukali wake huzuia ganda kulainika. Magadi hulainisha, ila huharibu vitamini B1 na ladha.

Zikune nazi mbili: tui la kwanza, kikombe kimoja, weka kando. Mimina vikombe vitatu vya tui la pili pamoja na kitunguu, pilipili mbichi na chumvi, pika hadi likaribie kukauka. Hapo punguza moto, tia tui zito, koroga bila kuacha, sufuria wazi. Tui hukatika likichemka kwa nguvu. Likianza kutokota pembeni, hesabu dakika tano, epua. Anayetaka ndimu akamulie sahanini, mahamri yakiwa tayari.