Mchongo wa leza umevimba na kufifia? Usinunue tyubu kabla hujachoma mstari wa mshazari

Usitume hiyo dipoziti ya tyubu, ile ya kioo yenye gesi inayotoa mwale wa leza. Kama ushatuma, piga simu sai uulize kama mzigo umetoka. Umesema mashine yako ni ya CO2 ya wati 60, herufi kubwa zinasomeka lakini ndogo zinavimba na kujaa ndani, MDF (ubao wa unga wa mbao na gundi) inakuwa kahawia tu bila kuingia ndani, upande wa kulia wa meza umefifia kuliko wa kushoto, na aliyekuuzia amekuambia ati tyubu imezeeka uchukue ya 80. Nimesoma hapo damu ikanichemka, juu hayo maneno ya "tyubu imezeeka" niliambiwa na mimi, nikayaamini, nikalipa.

Mashine yangu haikuharibika siku moja, ilianza kuchonga vibaya polepole. Nilikuwa na kazi ya shule, vibao vya siku ya zawadi, majina ya watoto kwa herufi za milimita tatu. Zile "a" na "e" zikajaa ndani, jina la mtoto halisomeki. Nikampigia aliyeniuzia mashine. Hakuuliza natumia lenzi gani, hakuuliza niliisafisha lini, hakuuliza hata kama nimepima fokasi, yaani umbali ambao mwale unakusanyika kuwa doa dogo. Alisema ongeza pawa. Nikaongeza, mchongo ukawa mweusi zaidi na mpana zaidi na kingo zikaungua, nikampigia tena, akasema basi gesi imeisha, nunua tyubu, na bei alikuwa nayo tayari mdomoni.

Hapo ndipo pesa ilipotea mara mbili, na ndiyo sababu naandika refu hivi. Tyubu ya kioo ukiisukumia mA (miliampea, kipimo cha mkondo wa umeme) kupita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji inazeeka kabla ya wakati wake. Kwa hivyo tyubu yangu, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, niliichosha kwa ushauri wa mtu anayeuza tyubu, halafu nikanunua nyingine kwake huyo huyo. Mzigo ukachelewa njiani, shule ikapeleka vibao kwa mtu mwingine, kodi ya duka ikanikuta sina kitu. Ilipofika nikaifunga, nikapanga upya vile vioo vinavyopeleka mwale hadi kwenye lenzi kuanzia cha kwanza, maana ukibadilisha tyubu lazima upange mwale tena na hilo pia hakuna aliyenitajia, nikaweka kipande cha MDF, nikawasha. Herufi zikatoka zimevimba vilevile. Aki sikuwa na la kusema, nilizima mashine nikafunga duka.

Aliyenisaidia ni mama mmoja anayechonga mihuri na vikombe vya zawadi huko River Road, Nairobi. Hakugusa tyubu, hakugusa kompyuta. Alichukua kipande kirefu cha MDF, akainua ncha moja kwa vibao vya mabaki ili kilale mshazari, akachoma mstari mmoja ulionyooka kutoka chini hadi juu kwa pawa ndogo. Kwa mashine iliyo sawa, mstari huo unaanza mnene, unasinyaa mahali fulani, halafu unanenepa tena. Wangu ulikuwa mnene kote. Akauangalia, akaniuliza, "Kijana, hii lenzi nani aliitoa mara ya mwisho?"

Kijana anayenisaidia ndiye alikuwa ameitoa kuifuta, akairudisha imepinduka. Lenzi nyingi za hizi mashine zina upande uliotuna na upande bapa. Uliotuna unaangalia juu, kule mwale unakotoka, na bapa unaangalia kazi. Ukiigeuza mashine haigomi, inachoma kama kawaida, ila mwale haukusanyiki vizuri na doa linakuwa pana, kwa hivyo nguvu ileile inatandazwa mahali pakubwa na mchongo unatoka mpana na hafifu. Ni kama kumwagilia shamba kwa mpira uliotobokatoboka. Na juu ya kupinduka, ilikuwa na utandu wa moshi wa gundi ya MDF ambao kijana aliueneza badala ya kuutoa. Tukaisafisha, tukaigeuza, na herufi za milimita tatu zikasomeka siku hiyo hiyo. Sasa yule muuzaji, mtu wa biashara hii miaka yote hiyo, alishindwaje kuniambia fungua lenzi uangalie? Swali la bure kabisa. Hilo bado linaniuma kuliko pesa.

Kwa hivyo sikiza: hakuna kununua kitu, na hakuna kuongeza pawa, kabla ya huo mstari wa mshazari. Ukishauchoma usiupitie haraka, una majibu karibu yote. Ukisinyaa mahali fulani ukawa mwembamba safi, karibu robo ya milimita au chini yake, lenzi yako ni nzima. Basi pima kutoka ncha ya nozeli, ule mdomo ambao mwale unatokea chini ya lenzi, hadi pale paliposinyaa, huo ndio umbali wako wa fokasi, na inawezekana shida yako yote ilikuwa meza kukaa juu au chini. Usitegemee kile kijiti cha plastiki kilichokuja na mashine kama hujui kilitengenezewa lenzi gani. Lenzi ya kawaida ni ya inchi mbili, yaani milimita 50.8, lakini umbali huo unahesabiwa kutoka kwenye lenzi yenyewe, siyo kutoka kwenye nozeli, na watu wengi wanakosea hapo. Kama mstari hausinyai kabisa, fungua lenzi: chafu, imepasuka, au imepinduka. Na kama unasinyaa vizuri, fokasi ni sawa, vioo ni safi na vimepangwa, maji ya kupoza hayana joto, na bado hauingii ndani, hapo ndipo unaweza kuanza kuishuku tyubu au pawa saplai, kile kifaa kinacholisha tyubu umeme. Unaona venye tyubu inakuja mwisho wa foleni?

Kujua upande wa lenzi, ishike pembeni chini ya taa uangalie taa ikijiakisi. Upande bapa unaonyesha taa ilivyo, uliotuna unaipinda na kuifanya ndogo. Isafishe ikiwa imepoa, kwa isopropili safi na karatasi laini ya lenzi, unaivuta polepole bila kukandamiza. Usitumie spiriti ya vidonda yenye mafuta wala ncha ya fulana. Hizo lenzi nyingi ni zinki selenidi na vumbi lake ni sumu, kwa hivyo usiikwaruze, na ikivunjika usiokote vipande kwa mikono mitupu. Nawa mikono ukimaliza. Kisha safisha vioo vyote vitatu, siyo kile unachofikia kwa urahisi tu.

Ule upande wa kulia uliofifia sidhani unahusiana na tyubu hata kidogo. Tyubu iliyochoka ingefifisha meza nzima. Kufifia upande mmoja mara nyingi ni vioo, mwale unasafiri mbali zaidi na kosa dogo la pembe linakua kadiri unavyokwenda, mpaka mwale unagonga ukingo wa nozeli. Bandika tepu ya karatasi (masking tape) kwenye tundu la kichwa, kile kinachobeba lenzi, pale mwale unapoingia, piga nukta moja fupi kichwa kikiwa karibu na kioo kinachokitangulia na nyingine kikiwa mbali kabisa. Nukta zisipoangukiana, panga vioo. Kifuniko kiwe kimefungwa kila unapopiga, mwale wa CO2 hauonekani kwa macho na hausubiri uutoe mkono.

Halafu hiyo ya 80, kuna mtu amekuambia urefu wake? Tyubu ya wati 80 za kweli ni karibu mita 1.6, na yako ya 60 huenda ni mita na robo hivi. Ingetokeza nje ya sanduku, ungetengeneza boksi la kuifunika, na pawa saplai yako haikutengenezewa mzigo huo, kwa hivyo ungenunua na hiyo. Volti zinazoingia kwenye tyubu pale nyuma ya mashine ni maelfu kwa maelfu, zinaua. Muuzaji anayekuambia "badilisha tu" bila kukutajia hayo, mimi simpi hata shilingi.

Umeuliza pia rangi ya kujazia herufi na spidi ya akriliki. Wengine watakujibu, mimi hapo sina haraka, kwa sababu spidi yoyote utakayopewa leo itakuwa ya mwale uliovimba na utairudia upya ukisharekebisha. Choma kwanza mstari, uweke rula kando yake, upige picha kwa karibu mwangani, uiweke hapa pamoja na ya lenzi pande zote mbili. Nitaangalia leo usiku nikifunga duka.