Kizibo cha gobore hakizibwi kwa tepu

Mahindi yakianza kubeba, shambani kwa mjomba wangu kule Muheza hakulaliki. Nguruwe pori hushuka usiku, na asubuhi unakuta mistari mizima imelala chini. Mjomba ana gobore alilorithi kihalali, lina leseni kwa jina lake, na kila akirudi shamba tunakaa wawili barazani kulisafisha. Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwenye gobore hilo moja, na yametugharimu.

Msimu mmoja aliniita. "Mjomba, hebu tazama hapa." Pale nyuma, mtutu unapokutana na kizibo chake, kile chuma cha skrubu kinachoufunga kwa nyuma, palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Tukaufuta. Baada ya kupiga mara mbili ukarudi. Ule ni moshi wa baruti unaotafuta njia ya kutokea nyuma badala ya mdomoni, na nyuma ndiko uso wa mpigaji uliko.

Tulikosea hapo. Tulimpelekea fundi mmoja wa vyuma, mtu hodari kwa mabomba na mageti. Akakifungua kizibo, akazungushia hesi zake, yaani mifereji ya skrubu, tepu nyeupe ya mabomba ya maji, akakikaza kwa nguvu. Kwa siku chache palikuwa pakavu. Kisha mstari ukarudi, mpana zaidi.

Baadaye ndipo tukaenda kwa fundi mwenye leseni ya kutengeneza silaha, tulikopaswa kwenda tangu mwanzo. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haichezi na mambo haya, na gobore nalo ni silaha kama nyingine. Kabla hajagusa spana, aliuchukua mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, akautia mtutuni hadi ukagota, akabana kidole usawa wa mdomo wa mtutu, kisha akaulaza nje sambamba na mtutu. Ncha ilifika karibu na kifa, pale fataki ya kuwashia baruti inapokaa. Maana yake mtutu ulikuwa mtupu. Ingekomea vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, ndani kungekuwa na kitu. Nakuomba sana ufanye hivyo kila mara, hasa kwa gobore la urithi ambalo limekaa juu ya dari miaka. Baruti nyeusi iliyowekwa pakavu haizeeki upesi. Na usikubali mtu yeyote aelekeze moto wa gesi kwenye kizibo kilichoganda kabla hamjahakikisha hivyo. Moto ukikuta baruti ndani, gobore hulia mezani. La kwetu alililoweka hesi zake kwa mafuta ya taa siku tatu, taratibu.

Kizibo kilipotoka, alikiwashia kibatari, akaufukizia uso wa mbele hadi ukawa mweusi kwa masizi. Akakirudisha, akakikaza, akakitoa tena. Ndani ya mtutu, hesi zinapoishia, kuna kingo kama bega, na uso wa kizibo unatakiwa uikandamize pande zote. Alama ya masizi ingekuwa duara kamili. Yetu ilikuwa nusu mwezi.

Nililielewa jambo zima pale. Anayezuia moshi ni ule uso uliokaa sawasawa kwenye bega. Kazi ya hesi ni kukishika kizibo kisirudi nyuma. Moshi ukishapita begani, tayari umo ndani ya hesi, na tepu huuchelewesha tu huku masizi yakijazana na kutafuna chuma chini yake, usikoona. Fundi alisawazisha uso kidogo kidogo kwa tupa laini, akipima kwa masizi kila mara, mpaka duara likafunga. Shida ni kwamba ukipunguza uso, kizibo huzunguka zaidi kikikazwa, na mkia wake haurudi pale inapopita skrubu ya mti, yaani ubao unaobeba mtutu. Kuurudisha mahali pake ni kazi ya mikono iliyofundishwa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye gobore la kizamani: kizibo usikifungue nyumbani kabisa, hata kwa kusafisha.

Kuna bunduki mpya za kushindilia ambazo kizibo chake kimetengenezwa kitolewe kila baada ya matumizi. Hizo ni habari nyingine: kitoe, kisugue hesi zote, zipake ile grisi yenye chembe za shaba wanayotumia mafundi wa magari kwenye breki, ukirudishe bila kukaza kupita kiasi.

La kizamani husafishwa likiwa limefungwa, siku ileile lilipopigwa. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti cha unga, na ikiungua huacha majivu yenye chumvi yanayovuta unyevu wa hewa. Huku Tanga, kwa upepo wetu wa bahari, kulala nayo usiku mmoja kunatosha kuanzisha kutu. Mafuta pekee hayayaondoi majivu hayo, yanayafunika tu. Maji ndiyo huyayeyusha. Sisi huufungua mtutu kwenye mti, tunatoa kifa, tunasimamisha upande wa nyuma ndani ya ndoo ya maji ya moto yenye sabuni, kisha mdeki wenye kitambaa unapanda na kushuka hadi maji yatoke meupe. Maji hupigwa kwa nguvu pale chini kabisa, mbele ya kizibo, uchafu mgumu unakojificha. Tunasuuza, tunakausha kwa vitambaa hadi kimoja kitoke kikavu kabisa, tunapitisha mafuta ya cherehani. Mjomba zamani alipaka mafuta ya nazi, nikamwomba aache: yakikaa muda mrefu yanagandamana. Hesi za kifa hupata grisi kidogo kila mara, maana kifa kikiganda utalazimika kukivunja.

Siku ya kulitumia, mafuta yote yafutwe kwanza, na fataki moja ipigwe bila baruti, mdomo ukielekea ardhini mahali salama, ili tundu la kifa liwe wazi.

Na likihifadhiwa kwenye kabati lake la kufuli, mdomo uwe chini. Tulikuwa tunalisimamisha kwa kitako, mafuta yanashuka na kutuama kwenye kizibo, yanapenya hadi kwenye mti na kuulainisha. Sasa linasimama juu ya kipande cha khanga kuukuu, na kila wiki kuna doa jipya la mafuta juu yake. Mstari mweusi haujarudi.