Ile ya ndege kuanguka ni Split/Second

La yakhe uliyesema ni Blur, ile gemu ya mbio za magari ambayo ndege inashuka na moto kwenye ranwei halafu inakujia uso kwa uso ni Split/Second, si Blur. Watu huzichanganya sababu zote zilitoka Mei 2010 na zote ni za kuharibiana huku mnashindana, lakini kuharibiana kwenyewe ni tofauti kabisa. Blur unaokota silaha barabarani, kama lile dude jekundu ukilirusha linamfuata wa mbele mpaka limpate, na magari ni ya kampuni za kweli. Split/Second hakuna silaha ya kuokota hata moja, ukidrifti ama ukiruka ama ukimganda mtu mgongoni ile mita iliyo pale nyuma ya gari inajaa, ikijaa unabonyeza, jengo ama krini inawaangukia walio mbele, na taimingi ikiwa mbovu inakuangukia mwenyewe hahaha. Magari yake ni ya kubuni tu.

Nimezicheza zote kwenye PS3 za kulipia huku Majengo, na Blur ndo ilikuwa inaleta kelele maana skrini inagawika watu wanne, ile ingine ni wawili tu, wengine mnangoja pedi.

Kava zingine zimeandikwa Split/Second: Velocity, ni ile ile. Na kama wewe hiyo ya ndege uliichezea kwenye PSP, ile PlayStation ndogo ya mkononi, basi hata usibishane, Blur haikutoka PSP.