Ukiacha fizikia S5 (kidato cha tano), unaacha nini hasa?

Wadogo zangu wa Uganda mliomaliza S4, kila matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho wa S4, yanapotoka naulizwa swali lile lile: "Mwalimu, nikiacha fizikia nitapata chuo kweli?" Utapata. Sheria, biashara, uandishi wa habari na ualimu wa lugha havidai fizikia, na waliosoma HEG (historia, uchumi, jiografia) au HEL (historia, uchumi, fasihi) wamejaa Chuo Kikuu cha Makerere.

Ila kabla hujasikiliza ushauri wa bwenini, soma masharti ya kozi unayoitaka. Vyuo vikuu vya serikali havihesabu masomo yote sawa. Somo la lazima kwa kozi huzidishwa mara 3, lenye uhusiano mara 2, na lisilohusika hupewa nusu tu. Kwa hiyo A yako ya pointi 6 inaweza kuwa 18 au ikabaki 3, kutegemea kozi uliyoomba. Uhandisi Makerere unadai hisabati na fizikia. Bila fizikia mlango huo umefungwa. Udaktari unadai biolojia na kemia, kwa hiyo anayetaka udaktari asilazimishwe PCM (fizikia, kemia, hisabati) eti kwa sababu ndiyo ya wenye akili. Wazazi wetu wana mchango mkubwa katika kosa hili.

Hayo ni ya chuo. Linaloniuma zaidi ni mwanafunzi wa S3 anayeitupa fizikia ya lazima, anayokariri mpaka siku ya mtihani tu, kwa sababu ameshaamua kusoma historia. Fizikia ya S1 hadi S4 ni ya kila raia. Birika la umeme la wati 2000 likiwaka nusu saa linakula uniti moja nzima ya Yaka, ule umeme wa kulipia kabla. Taa ya wati 10 itawaka saa 100 kwa uniti hiyo hiyo. Asiyejua hesabu hii huzima taa na kulaumu mita.

Na kuna radi. Juni 2011 iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo. Aliyeelewa jinsi umeme wa radi unavyosambaa ardhini hatajikinga mvua chini ya mwembe, na siku akiwa kwenye kamati ya shule, hata kama ni mwanasheria, atadai kingaradi kabla ya rangi ya ukuta. Mtu huyo hakuhitaji fizikia ya A-Level, yaani ya S5 na S6. Alihitaji kuielewa ile ya O-Level, ya S1 hadi S4.

Kama uko S5 na umeona umechagua vibaya, nenda kwa mwalimu wa taaluma wiki hizi za mwanzo, usingoje muhula wa pili. Aliyekwisha kufika S6 na bado anautaka uhandisi, imebaki njia ya vyuo vya ufundi: cheti, stashahada, kisha digrii. Ni njia ndefu lakini inafika. Huko nako fizikia inakungoja tangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo madaftari yako ya S4 usimgawie mtu.