Msizamishe sanamu za saruji: tengenezeni pono wa kandambili

Aliyeanzisha mjadala huu anasema klabu ya wanafunzi pwani ya Tanga inataka kufinyanga sanamu za saruji, kuzipaka rangi na kuzizamisha ili matumbawe yaote juu yake. Naomba mliache hilo. Sanamu zaidi ya 500 zilizo chini ya maji kule Cancún, Mexico, zilizoanza kuwekwa 2009, ni za saruji maalumu. Saruji ya dukani ikiwa changa hutoa chokaa kali majini, rangi hubanduka, na sanamu nyepesi ikisukumwa na mawimbi ya kusi (upepo mkali wa kutoka kusini) huviringika juu ya matumbawe hai na kuyavunja. Na kibali lazima kiwepo.

Okoteni kandambili ufukweni (ndala, malapa, patapata, ni zile zile) mtengeneze sanamu kubwa ya pono (samaki wa kwenye matumbawe) ya kukaa nchi kavu. Tuseme ana urefu wa mita 1 na kimo cha nusu mita: upande mmoja ni kama sentimita za mraba 4,000. Soli ya mtu mzima ina takriban 200. Magamba yakilaliana kwa theluthi moja zinahitajika soli 30, na ukihesabu vipande vinavyopotea kwenye kukata, 40. Pande mbili ni 80. Okoteni 100, maana zilizoungua kwa jua zikikunjwa zinapasuka na hazifai.

Zilowekeni kwenye maji ya sabuni, zisuguliwe kwa brashi, zianikwe kivulini. Mchanga ukibaki kwenye vitundu vya soli unaua makali ya kisu baada ya kandambili tatu nne tu. Kiunzi ni fito zilizofungwa kwa kamba zilizookotwa, juu yake wavu chakavu uliovutwa ukakaza. Wavu huo uwe wa ufukweni. Ulionasa kwenye matumbawe msiuvute, unang'oka nayo.

Kateni magamba ya nusu duara, upana sentimita 6. Shoneni kwa shazia (sindano kubwa ya kushonea magunia) na mshipi wa kuvulia, mishono miwili kila gamba, mkianzia mkiani kwenda kichwani, kama makuti yanavyoezekwa kutoka chini kwenda juu. Gundi ya viatu inashika vizuri kivulini, lakini jua la saa saba linailegeza, gamba linadondoka na upepo unalirudisha baharini.

Kinachoharibu kazi nyingi za namna hii ni msasa. Ukisugua soli unapata unga wa plastiki, na mvua moja inaupeleka majini. Basi msisugue. Kateni juu ya turubai, siku isiyo na upepo, chenga zifagiliwe kavu bila maji na zishindiliwe ndani ya foronya: mto wa kukalia huo.

Mtundikeni dikoni, wavuvi wanakoshusha samaki, si ukumbini shuleni. Pono hula mwani unaofunika mawe, na hapo matumbawe machanga hupata pa kushika. Dema (mtego wa samaki) lenye matundu madogo humbeba kabla hajazaa. Kibao chini yake kiseme jambo moja tu, mfano: "Pono mdogo tumwache akue." Mkiandika mambo kumi hakuna atakayesoma. Mkitaka kuandika pono aachwe mpaka afike urefu gani, muulizeni afisa uvuvi, kwa kuwa pono ni wa aina nyingi.

Kibao cha pili kiwe njiani, wanakopita wachokoa pweza maji ya bamvua (yanayojaa na kupwa sana) yakitoka: wapite kwenye mchanga. Tumbawe la matawi likikua sana ni sentimita 10 hivi kwa mwaka, la mviringo kama 1, na kisigino kimoja kinavunja kazi ya miaka. Manahodha nao waombwe kushusha nanga mchangani.

Joto lililopausha matumbawe mwaka 1998 halizuiliwi na sanaa, ila mwamba wenye pono wengi una nafasi nzuri zaidi ya kuota tena.

Masika ikiisha kagueni mishono, hasa ya mkiani, mkaze iliyolegea kabla kusi haijashika kasi.