Kuzima ActiveMQ iliyo ndani ya programu bila kupoteza ujumbe

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini jumbe chache hupotea kila unaposimamisha programu ya Java iliyobeba ndani yake ActiveMQ, yaani mfumo wa kupitisha jumbe kati ya programu, ilhali umekwisha kuweka hifadhi ya diskini. Nami yalinifika hayo hapa Mombasa, katika programu ya kupokea taarifa za makontena yanayotoka Kilindini.

Programu yetu ilikuwa ndani ya Tomcat, seva inayoendesha programu za Java. Tulipoisimamisha ili tuweke toleo jipya, broka, yaani ile sehemu ya ActiveMQ inayopokea na kugawa jumbe, ilizimwa kwanza, hali uzi (thread) mmoja wa kutuma ulikuwa bado una kazi. Uzi huo ulifungua muunganisho kwa anwani ya vm://localhost, ambayo ni ya broka iliyo ndani ya programu ile ile, na ActiveMQ isipoikuta broka kwenye anwani hiyo huunda nyingine papo hapo. Broka hiyo changa haikuijua mipangilio yetu. Iliandika kwenye folda ya activemq-data, pale ilipoanzishiwa Tomcat, wakati hifadhi yetu ilikuwa kwenye diski nyingine kabisa. Nilipolifungua faili la db-1.log ndani yake, nikaziona namba zile zile za makontena ambazo wateja walikuwa wakitupigia simu kuziulizia.

Kwa hivyo andika vm://localhost?create=false, ili anayechelewa kutuma apate kosa la wazi. Kisha panga uzimaji: wazuie kwanza wanaotuma, waache wapokeaji wamalize walichokishika, funga miunganisho, na broka iwe ya mwisho. Weka pia setUseShutdownHook(false) ili broka isijizime yenyewe, na uizime wewe mwenyewe, maana Java inapozimwa huendesha kazi zake za mwisho zote kwa pamoja bila mpangilio maalumu, na broka yaweza kutangulia.

Chunguza sana uthibitisho wa upokezi, kwani hapo ndipo ujumbe hupotea kweli. Ukitumia AUTO_ACKNOWLEDGE (uthibitisho wa moja kwa moja) na onMessage, yaani sehemu ya programu inayoitwa kila ujumbe unapofika, ikaikabidhi kazi kwa uzi mwingine, broka itahesabu ujumbe umekwisha kushughulikiwa kabla haujaguswa. Mpokeaji wa foleni huletewa mapema hadi jumbe 1000. Hizo usizihofie, kwa sababu zile za kudumu (zilizohifadhiwa diskini) ambazo hazijathibitishwa hutolewa tena broka inapoamka, mradi programu yako ivumilie kupokea ujumbe mmoja mara mbili.

Tulipohamia Kubernetes, mfumo wa kuendesha na kusimamia programu kwenye seva nyingi, tulikuta programu hupewa sekunde 30 tu kabla ya kukatwa kwa nguvu. Kazi yetu ndefu kuliko zote ilichukua sekunde 40, nasi tukaongeza muda huo kwa kuweka terminationGracePeriodSeconds kuwa 60.