Wale wazungu wenye njuga sokoni Dieppe

SWALI: Shikamoo dada. Mi naishi Rouen huku Ufaransa, Jumamosi nimeenda soko la Dieppe kutafuta samaki nikakuta watu sita wamevaa nyeupe na njuga miguuni, wengine umri wa babu kabisa, mara wanarusha leso juu mara wanagonganisha fimbo, na wanaongea Kiingereza. Hawauzi kitu na sikuona wakipitisha kofia. Ni dini au? Na sisi tuna kikundi cha ngoma hapa, Wabongo na Wakongo, je tunaweza kwenda kucheza pale?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sio dini, hao ni wacheza Morris, ngoma ya asili ya Waingereza, tena ya zamani kweli maana kuna kumbukumbu ya wachezaji wake kulipwa pale London mwaka 1448. Hiyo ya watu sita na leso ni ya vijiji vya Cotswolds, eneo la vilima huko Uingereza, na ilishaanza kufifia, mpaka siku moja baada ya Krismasi ya 1899 Cecil Sharp, Mwingereza aliyekuwa anakusanya nyimbo na ngoma za asili, akawakuta vijana wa Headington Quarry karibu na Oxford wanaicheza, William Kimber ndo anawapigia konsatina, kile kinanda kidogo cha kuvuta kwa mikono, kesho yake akamwita Kimber akaanza kuziandika zile tuni. Leo wanawake nao wanacheza, vikundi viko vingi, na wengi ni watu wa kawaida tu wana kazi zao, nauli wanajichangia, na kutoka bandari ya Newhaven kule Uingereza mpaka hapo Dieppe feri ni kama masaa manne tu. Mi nawaheshimu sana kwa hilo. Siku nyingine waangalie miguu, zile njuga zinafungwa chini ya goti, mmoja akichelewa kutua unamsikia hapohapo, ila kwenye fimbo usisogee karibu maana zinapasuka na vipande vinaruka.

Kuhusu kikundi chenu, nendeni tena bila woga! Ila kwanza mpite ofisi ya meya, kule wanaita mairie, maana barabara na uwanja ni mali ya umma, ukitaka kuvitumia unaomba ruhusa. Andikeni barua mapema, mseme mko wangapi, tarehe gani, saa ngapi, na msifiche kwamba mna ngoma, mkifika na ngoma kubwa ambazo hamkuzitaja mtarudishwa. Masoko mengi ya Ufaransa ni ya asubuhi, kufika saa saba mchana watu washafunga, kwahiyo saa nne ndo muda mzuri. Wasalimieni wauzaji wa jirani kabla ya kuanza, na msizibe foleni ya mtu wa jibini, yule yuko kazini. Chezeni dakika kumi kumi halafu mhamie kona nyingine, hapo hata muuza kuku atawashangilia. Na kama mnataka kupitisha kofia liandikeni kwenye barua hiyohiyo, msisubiri kuulizwa.